Figo ya Mbonea na Damu ya Eliwaza

Hapo zamani, wala si zamani zile za sungura na fisi, ni zamani hizi za juzi tu, mashine za kusafisha damu zikiwa zimeshafika nchini, palikuwa na mwanamke katika mji wa Vumbasi, jina lake Nakijwa. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, lakini watu walimjua zaidi kwa filimbi. Alikuwa refa. Mechi za kata, mechi za shule, mechi za wazee wenye vitambi wanaocheza Jumapili baada ya ibada, zote alichezesha yeye. Akishapuliza, kapuliza. Wachezaji wamzingire, wapige kelele, waape kwa mama zao, yeye ananyoosha mkono upande alioamua na mpira unaendelea. Kusitasita hakukujua.

Alikuwa na kaka mmoja, Mbonea, na mdogo wake wa kike, Eliwaza. Baba yao alishafariki. Mama yao alikuwa hai, na ndiye aliyekuwa nguzo ya nyumba.

Siku moja, mechi ikiwa katikati, Nakijwa alianguka uwanjani. Miguu ilikuwa imevimba, pumzi haitoshi. Wakamkimbiza hospitali kubwa ya mkoa, wakampima, wakamwambia, "Mwalimu, figo zako zote mbili zimekwisha." Akawekwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Alitoka hapo kila mara amechoka kama mtu aliyelima shamba zima peke yake. Na madaktari wakasema mashine ni ya kungojea tu. Atafutwe ndugu wa kumpa figo.

Mama akawaita watoto wake wawili. "Mmesikia hali ya mwenzenu. Nendeni mkapimwe."

Mbonea akasema, "Naenda, mama." Na ujue, siku zile Mbonea alikuwa amechaguliwa kuingia jeshini. Alikuwa akipanda kilima mbio kila asubuhi, tangu ndevu hazijamwota, kwa ajili ya siku hiyo. Jeshini hawachukui mtu wa figo moja. Alilijua hilo. Akaenda kupimwa, ikaonekana figo yake inafaa.

Eliwaza naye akasema, "Naenda, mama." Akatoka na kikapu chake, akapanda basi, lakini basi lenyewe halikuelekea hospitali. Alikwenda kwa shangazi yake, mkoa wa mbali, akazima simu. Hakupimwa. Hakuaga.

Basi, figo ya Mbonea ikatolewa, ikatiwa kwa Nakijwa, na ikaanza kutoa mkojo pale pale kwenye meza ya upasuaji, hata muuguzi mmoja akashindwa kujizuia akapiga kigelegele ndani ya barakoa.

Nakijwa alipopata nguvu, daktari akamweleza. "Mwili wako una walinzi. Kazi yao ni kumshambulia kila mgeni. Figo ya kaka yako ni mgeni, japo ni ya ndugu. Kwa hiyo tunakupa vidonge vya kuwalaza walinzi usingizi. Ukiacha vidonge wataamka, na wakiamka figo haina chake. Meza asubuhi, meza jioni, siku zote za maisha yako."

Akameza. Na Mbonea akawa mlinzi wa nje. Hapiti mlangoni bila kuuliza, "Umekunywa maji? Umemeza? Chunga figo yangu." Nakijwa alipotaka kurudi uwanjani, Mbonea akamkatalia. "Mpira ukikupiga tumboni je? Hiyo haina spea." Nakijwa akaitundika filimbi msumarini. Alikuwa hai. Angebishana vipi na mtu ambaye sehemu ya mwili wake imo tumboni mwako?

Miaka ikapita. Kisha ukatokea uvimbe shingoni, mdogo kama punje ya maharage. Nakijwa akaupuuza. Ukawa kama yai. Zikaja homa, zikaja na jasho la kulowesha shuka. Zahanati wakasema ni kifua kikuu cha tezi, maana wagonjwa wengi wa pale wenye uvimbe wa shingo ndicho walicho nacho. Wakampa dawa. Uvimbe haukujali dawa. Ukaota mwingine kwapani. Nguo zikaanza kumning'inia Nakijwa kama zimeanikwa.

Hapo ndipo alipokutana na Dakta Kokubanza.

Dakta Kokubanza alikuwa mtafiti. Maisha yake yote ya kazi alikuwa akichunguza saratani ya tezi inayowapata watu waliopandikizwa viungo, na namna kinga ya mwili inavyohusika. Tafiti zake zilichapishwa, zikasomwa nchi za mbali. Nyumbani wenzake walimtania. "Dakta, huku kwetu waliopandikizwa wenyewe ni wa kuokoteza, wewe unatafuta maradhi yao ya nini?" Yeye alicheka nao, akaendelea. Alikata kinyama kidogo kwenye uvimbe wa Nakijwa, akakipima, akarudi wodini, akavuta kiti hadi kitandani.

"Mwalimu, hiki si kifua kikuu. Ni saratani ya tezi. Tunaiita limfoma."

"Imetoka wapi, daktari?"

"Kuna kirusi ambacho karibu sote tunacho tangu utotoni. Mimi ninacho, muuguzi yule anacho. Walinzi wa mwili hukibana pembeni, kikakaa kimya. Wako wewe tuliwalaza. Kirusi kikapata nafasi, kikaingia kwenye seli za tezi, nazo zikaanza kuzaana bila mpaka."

"Mliwalaza kwa vile vidonge."

"Ndiyo."

"Vidonge vya kulinda figo ya kaka."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo figo ya kaka ndiyo inayoniua?"

"Sikusema hivyo, mwalimu."

"Umesemaje basi?"

Daktari akavua miwani, akaishika tu mkononi. "Nimesema hivi. Tukiendelea na vidonge, saratani itakumaliza. Tukiacha, walinzi wataamka, na huenda wakaila saratani. Lakini wakishaamka hatuwezi kuwachagulia cha kula. Wataiona na figo."

Kichwa cha Nakijwa kikawa kama redio iliyokwama katikati ya stesheni mbili. Figo iliyomponya ndiyo iliyomletea ugonjwa. Tiba ya kumponya sasa ndiyo itakayoua ile figo iliyomponya kwanza. Akaomba arudiwe maelezo. Akarudiwa. Akaomba tena.

Na madaktari wenyewe hawakuwa na neno moja. Wengine walisema, "Apewe dawa kali za saratani kwanza, vidonge vipunguzwe kidogo tu, labda tutaokoa vyote viwili." Kokubanza akasema, "Mwili huu hauna nguvu ya kubeba dawa hizo. Nimewachunguza wagonjwa kama huyu miaka na miaka, na nilichokiona nimekiandika. Tuwaamshe walinzi kwanza." Wakabishana mbele ya kitanda chake, kwa heshima, lakini walibishana. Nakijwa akawatazama mmoja mmoja, akaona kila anayesema anasema jambo la maana.

Akamwita kaka yake. Mbonea akaja, akaelezwa, akatazama dirishani ambako kulikuwa na ukuta tu. Mwisho akasema, "Figo si yangu tena, Nakijwa. Nilishaitoa. Fanyeni lolote, wewe upone."

Alisema hivyo. Kila aliyekuwapo alimsikia.

Vidonge vikaachwa. Uvimbe ukalainika, ukapungua, watu wakamshukuru Mungu. Kisha miguu ikaanza kuvimba. Mkojo ukapungua, ukawa matone, ukakauka. Figo ya Mbonea ikafa. Nakijwa akarudishwa kwenye mashine. Na uvimbe wa shingo, uliokuwa umefikia nusu, ukagoma. Haukupungua, na baada ya muda ukaanza kuota upya.

Mbonea alipoambiwa figo imekufa, alitoka nje ya wodi, akaegemea ukuta, akalia kwa sauti, mwanaume mzima. Nakijwa alimsikia kutoka kitandani. Alitaka kumwita ampe pole, halafu akajiuliza ni nani anayepaswa kumpa pole mwenzake.

Dakta Kokubanza akasema bado liko jambo moja. "Walinzi wako wamelala mno, wameamka wachovu. Tunaweza kuazima wa ndugu yako. Tunatoa damu mkononi, tunachagua zile seli zinazokijua kirusi hiki, tunazikuza maabara, tunakutia wewe."

Mbonea akatoa mkono wake tena. Damu ikachukuliwa. Seli zake zikakataa kukua maabara. Kwa nini? Hakuna aliyejua. Hutokea.

Ndipo mama akampigia simu shangazi wa mbali, akasema maneno machache. "Mwambie dada yake anakufa."

Eliwaza akaja. Alikuja na mtoto wa kike wa umri wa chekechea, mwenye macho ya ukoo kabisa. Nakijwa akamtazama mtoto, akapiga hesabu kichwani, akaelewa. Siku zile za kupimwa, Eliwaza alikuwa na mimba.

"Kwa nini hukusema, mdogo wangu? Ukiwa na mimba hata hospitali wasingekugusa."

"Ningesema nini, dada? Mama angeuliza ya nani, na huyo mwanaume alikuwa ameshaikana." Akainamisha kichwa. "Na nisikudanganye. Hata bila mimba ningekimbia. Niliogopa kisu."

Nakijwa hakujua kama asamehe kwa sababu ya mimba au akasirike kwa sababu ya kisu. Akamshika tu mkono.

Eliwaza akapimwa, akafaa. Akaketi kwenye kiti, akachomwa sindano, damu ikatoka, akapewa soda na biskuti, akaambiwa aende nyumbani. Ni hayo tu. Seli zake zikakua maabara, zikawa nyingi, zikatiwa kwenye mshipa wa Nakijwa. Nakijwa akapata homa ya kutetemesha kitanda. Homa ikashuka. Uvimbe ukayeyuka, wa shingoni ukayeyuka, wa kwapani ukayeyuka. Wakampima, hawakuona saratani. Wakasubiri, wakampima tena, hawakuona.

Nakijwa akarudi Vumbasi, bila saratani na bila figo. Maisha yake yakawa ya kwenda kwenye mashine na kurudi. Lakini aliishi.

Mama akasema lazima ifanyike shukrani. Na watu wa Vumbasi wana desturi yao. Mtu aliyetolewa kwenye kifo huchinjiwa mbuzi, na kidari cha mbuzi yule hupewa mtu mmoja, yule aliyemtoa. Anayekula kidari anakuwa mzazi wa pili. Jambo kubwa la mwili na maisha ya yule aliyetolewa haliamuliwi bila neno la mzazi huyo. Na kidari hakigawanywi. Kukigawa ni kuwaambia wote kwamba hakuna aliyekutoa.

Siku ya shukrani watu wakajaa uani. Dakta Kokubanza naye alialikwa, akaja amevaa kitenge, akakaa na wanawake akaambua ndizi nao. Mbuzi akaiva. Mama akaweka kidari kwenye sahani, akamkabidhi Nakijwa, akamnong'oneza, "Mpe kaka yako, mwanangu. Usituaibishe."

Nakijwa akasimama. Mbonea akasimama pia.

"Ndugu zangu," Mbonea akasema, "mimi si mtu wa maneno. Jeshi nililiacha kwa ajili ya huyu. Nilikatwa ubavu kwa ajili ya huyu. Bila figo yangu, Nakijwa angekuwa kaburini kabla hata huo uvimbe haujamwota. Asingeishi kuugua saratani, wala kutibiwa na yeyote. Waliokuja baadaye walimkuta hai kwa sababu yangu. Na leo hana figo, na mimi nimebaki na moja. Nilisema wafanye lolote, ni kweli nilisema. Sikujua kuwa itaniuma hivi. Mimi ndiye niliyemtoa, na neno langu ni moja. Abaki kwenye mashine. Asikatwe tena, asilishwe tena vile vidonge vikamletea yale yale. Anatosha alivyo."

Nakijwa akasikiliza, akaona kasema kweli. Sahani ikaelekea kwa Mbonea.

Eliwaza akasimama, mtoto kamshika gauni. "Kaka, hakuna anayekataa ulichotoa. Ulitoa kikubwa. Mimi nilitoa kidogo, tena nilichelewa, tena kwanza nilikimbia. Lakini dada yuko hapa kwa damu ya nani? Figo yako ilikuja na vidonge, na vidonge vikaja na saratani. Damu yangu ilikuja peke yake, ikamponya. Kama tunahesabu maumivu, wewe umenishinda. Kama tunahesabu uzima, mtazameni shingo. Na sikuja kuomba nyama. Neno langu ni hili: safari hii sikimbii. Nina figo mbili. Dada, chukua moja."

Nakijwa akasikiliza, akaona naye kasema kweli. Sahani ikatoka kwa Mbonea, ikaelekea kwa Eliwaza. Mama akashika kichwa.

Dakta Kokubanza alikuwa amekuja kama mgeni tu. Lakini Mbonea akamgeukia. "Daktari, mbele ya watu hawa, sema. Wewe ndiye uliyeua figo yangu?"

Dakta Kokubanza akafuta mikono kwenye kitenge, akainuka. "Ndiyo. Mimi ndiye niliyeagiza vidonge viachwe."

"Ungeanza na damu ya Eliwaza, figo ingepona?"

"Labda. Au labda seli za Eliwaza zingelazwa na vidonge vile vile, na Nakijwa angezikwa na figo nzima."

"Labda!" Mbonea akarudia.

"Labda, ndugu yangu. Nikikuambia najua, nitakuwa nakudanganya."

Nakijwa akauliza, "Daktari, mimi niliponywa na nini hasa? Kuacha vidonge, au damu ya mdogo wangu?"

"Sijui, mwalimu. Inawezekana kimoja bila kingine kisingefaa." Akavuta pumzi. "Sikuja kudai chochote. Lakini kwa kuwa nimeulizwa, nitasema na langu. Kabla yangu uliitwa mgonjwa wa kifua kikuu. Ungekunywa dawa zile hadi kaburini, na kaka yako na mdogo wako wangekuwa pembeni, mmoja na figo yake aliyoitoa, mwingine na damu yake mkononi, na hakuna ambaye angejua la kufanya. Nilichekwa kwa kutafuta maradhi yasiyo na wagonjwa, na mgonjwa alipokuja nikamjua. Nilichagua wakati wenzangu wanabishana, na uchaguzi ule nalala nao na kuamka nao. Neno langu ni hili. Asibaki kwenye mashine milele, na asikatwe leo. Tungoje hadi tuwe na hakika kwamba saratani hairudi, kisha tufikirie figo ya Eliwaza. Siahidi kitu."

"Na hayo ya Nakijwa," Mbonea akauliza, "hukuyaandika na kuyachapisha? Hujapigiwa makofi huko ughaibuni kwa ajili yake?"

"Niliyaandika. Aliniruhusu. Yamesomwa, na huenda mtu mwingine akapona. Na ndiyo, nimepigiwa makofi."

Nakijwa akasikiliza, akaona naye kasema kweli. Sahani ikaelekea kwa daktari. Kisha ikasimama katikati.

Yule aliyekuwa akinyoosha mkono bila kusitasita mbele ya wanaume wanaomfokea, leo mkono wake umebeba kipande cha nyama na haujui uelekee wapi. Aliwaza: nikimpa kaka, nimekubali kubaki kwenye mashine, na nimemheshimu aliyenipa kingi kuliko wote, japo hakikubaki. Nikimpa mdogo wangu, naingia tena kisuni, na nimesema damu ya sindano moja inashinda ubavu mzima. Nikimpa daktari, nimempa mgeni mbele ya ndugu wa tumbo moja, tena mgeni ambaye mwenyewe anasema hajui. Nikirudisha sahani jikoni, nimesema sikutolewa na mtu. Na mimi nimetolewa. Nilikuwa nakufa, na sasa nimesimama hapa, nanuka moshi wa mbuzi.

Akamtazama Mbonea, akataka kulia. Akamtazama Eliwaza, akataka kulia. Akamtazama Dakta Kokubanza, naye daktari akatazama chini.

"Nakijwa," mama akaita, "mafuta yanaganda."

Haya, nyie mliokaa hapo mkinisikiliza, sahani nawapa nyie. Yuko aliyetoa kikubwa kikapotea. Yuko aliyetoa kidogo kikaponya. Yuko aliyejua, akachagua, akapoteza kimoja ili kingine kibaki, na hadi leo hana hakika. Msiniambie kigawanywe, maana hakigawanywi. Je, kidari kile kilikuwa cha nani?